Moshi na Arusha: safari ya kuamsha spektrofotomita iliyokwisha andikiwa kufutwa

Tumerudi Dar, na haya nimeyapanga kutoka daftari la kazi, risiti na picha za simu. Safari ilikuwa ya kazi: kufungua spektrofotomita ya zamani kwenye maabara ya chuo kimoja Moshi, halafu kwenda Arusha kutazama nyingine iliyokuwa inasumbua. Kwa asiyeifahamu, mashine hii huchambua mwanga rangi kwa rangi, ikaupitisha kwenye kimiminika na kupima umemezwa kiasi gani. Kwa kipimo hicho mtu wa biokemia anajua kimeng'enya, yaani kiharakisha mmenyuko wa mwilini, kinafanya kazi kwa kasi gani, protini iko kiasi gani, damu imebeba oksijeni au haikubeba. Maabara ya biokemia isiyo nayo hufundisha kwa ubao tu, na mwanafunzi anamaliza shahada hajawahi kuona mmenyuko ukienda mbele ya macho yake.

Nilikuwa na fundi mwenzangu, kijana wa programu na mota. Upande wangu mimi ni taa, vioo na kuveti, vile vichupa vya kuwekea sampuli.

Jumapili: Mbezi hadi Moshi

Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, nauli 38,000 kwa kichwa. Tulikuwa na sanduku la vyombo vya kazi na boksi dogo lililojaa sponji, ndani yake taa mpya ya deuteriamu, gesi ya haidrojeni nzito. Konda akataka vyote viingie kwenye buti. Sanduku halikuwa na neno, lakini boksi nililikatalia. Taa ile ni kioo chembamba cha kwatsi chenye waya laini ndani, na tuta moja likirukwa vibaya linatosha kuukata. Konda akaitazama alama ya kioo juu ya boksi, akasema, "Basi kaka, ipakate mwenyewe, ila njiani isikae."

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Rombo, anarudi nyumbani kutoka kwa mwanawe Kimara. Akaniona ninavyolikumbatia lile boksi, akauliza ni nini. Nikamweleza kuwa ni taa ya mashine ya hospitali na vyuo, inatoa mwanga ambao jicho halioni. Akacheka, akanyoosha mikono: "Lete hapa mwanangu ukanywe chai. Nimebeba watoto sita, hiki hakinishindi." Korogwe nilishuka kwa amani. Chipsi kuku 7,000, na kuku mwenyewe mgumu. Mahindi ya kuchoma ya 500 upande wa pili wa barabara yalikuwa chakula kizuri zaidi.

Baada ya Mombo tairi la nyuma likapasuka. Tulikaa pale saa moja na nusu, tukinunua machungwa ya kumenywa, huku dereva na utingo wake wakihangaika na nati zilizokuwa zimeng'ang'ania. Mwenzangu alitoa bomba la mafuta ya kulegeza kutu kwenye sanduku letu, nati zikakubali. Kuanzia hapo konda alituita mainjinia.

Same na Mwanga zilipita na milima ya Upare mkono wa kulia, nusu ya basi imelala. Mama alishuka Himo, akanirudishia boksi na kuniambia, "Mungu awawashie taa yenu." Moshi tuliingia saa moja usiku. Gesti karibu na stendi 25,000, maji ya moto yapo, na mwezi wa saba utayahitaji.

Kwa anayesafiri na vifaa vya maabara: beba barua ya ofisi yenye muhuri na orodha ya kila kitu. Tulikaguliwa njiani, askari akaisoma barua yote, akaturudishia na kututakia safari njema. Bila karatasi, sanduku lenye nyaya na vioo ni maelezo marefu sana barabarani.

Jumatatu: Moshi, kufungua kifuniko

Asubuhi ya baridi, ukungu mpaka kwenye mabati, mlima hauonekani hata kivuli. Chai ya maziwa na chapati mbili 2,000. Daladala zinazopanda njia ya KCMC hupita karibu, lakini kwa ajili ya mzigo tulichukua bajaji kwa 4,000.

Aliyetupokea ni mtaalamu wa maabara wa siku nyingi, mzee anayekaribia kustaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Yuko kule kwenye kona, nimemfunika."

Alikuwa ameifunika kwa khanga iliyokunjwa mara mbili, juu yake nailoni. Mashine ni ya miale miwili, kubwa kama meza ya mwalimu, msaada kutoka chuo cha Ulaya katika miaka ya tisini. Ilifanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokuja kwa nguvu siku moja na kuunguza bodi ya kuendeshea mota. Kompyuta yake ilikwisha kufa kabla ya hapo. Aliyeitoa msaada hakuacha mchoro wa umeme. Ikaandikwa kwenye orodha ya mali za kufutwa, na kwenye orodha ndiko ilikokuwa ikikaa mwaka hadi mwaka, haifi wala haiponi.

Tulipofungua kifuniko cha chumba cha vioo nilinyamaza kwanza. Nimefungua mashine nyingi za pwani, na ninachokutana nacho mara nyingi ni ukungu wa fangasi umetambaa juu ya vioo, na kioo cha mistari, kile kinachoutawanya mwanga kuwa rangi, kimepata madoa. Uso wake haufutwi kwa kitambaa wala kuguswa kwa kidole. Ukishaharibika ndiyo basi. Hapa kila kitu kilikuwa safi. Vioo vinang'aa, kioo cha mistari kinatoa upinde wa rangi kamili chini ya tochi. Kwenye kona ya chumba kulikuwa na kikopo cha silika jeli, punje zote za buluu.

Nikamuuliza mzee nani anaibadilisha. Akasema yeye. Kila punje zilipogeuka waridi, alizitoa, akazikausha kwenye oveni ya maabara mpaka zikarudi buluu, akazirudisha. Miaka yote mashine ikiwa imezimika. Nikauliza kwa nini, hali imeandikwa kufutwa. "Walisema imekufa," akajibu, "lakini waliokuja kuitazama hakuna aliyefungua hapa. Nikasema nitaitunzia macho mpaka atakayefungua aje."

Sitaki kulipita jambo hili haraka. Thamani ya mashine ya namna hii haiko kwenye kompyuta yake. Kompyuta huzeeka ndani ya miaka mitano, bodi huungua kwa radi ya usiku mmoja, na vyote viwili vinabadilishwa. Vioo vilivyochongwa na kupangwa vizuri hudumu maisha ya mtu mzima. Anayeandika mashine ifutwe kwa sababu skrini haiwaki anatupa ule upande ulio ghali kwa sababu ya ule ulio rahisi.

Tukiwa tunasubiri chai nilimsimulia mzee habari za Olis, kwa urefu On-Line Instrument Systems, kampuni ya jimbo la Georgia, Marekani, inayotengeneza mashine za spektroskopia, yaani za kupima mwanga, kwa ajili ya utafiti wa biokemia. Nimeifuatilia tangu nikiwa chuoni, na sababu ni moja: ilijijengea jina si kwa mashine mpya tu, bali kwa kuzichukua za zamani na kuzipa uhai mwingine. Mfano unaojulikana zaidi ni spektrofotomita ya Cary 14. Ile ilitoka mwaka 1954, kazi ya Howard Cary na kampuni yake Applied Physics Corporation ya California. Ndani yake mwanga huchujwa mara mbili, kwanza kwa prizimu, kisha kwa kioo cha mistari, ndiyo maana mwanga usiotakiwa unaopenya ni mdogo mno, na inasoma kuanzia nanomita 186 hadi 2,650 (nanomita ndiyo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, kila rangi ina namba yake). Vioo hivyo ni vya hali ya juu hata leo. Kilichochoka ni elektroniki za valvu na kalamu iliyochora kwenye karatasi. Basi Olis wakaacha vioo mahali pake, wakatoa nyaya za zamani, wakaweka kipokea mwanga kipya, elektroniki mpya na kompyuta. Mashine ya mwaka 1954 ikarudi kwenye utafiti.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo huko Marekani pia hawatupi?" Nikamwambia wapo wanaotupa na wapo wasiotupa, na sisi tumekuja kufanya kama hao wa pili, kwa kiwango chetu.

Jumanne: kapasita, mtori, giza

Bodi ya mota ilikuwa imeungua kabisa, na hatukukusudia kuitengeneza. Mwenzangu alikuja na bodi ndogo mpya aliyoiandikia programu Dar kwa kufuata picha alizotumiwa na mzee kwa WhatsApp. Mota zenyewe zilikuwa nzima. Tatizo likajitokeza kwenye pawa saplai: kapasita kubwa mbili zimevimba vichwa, na za akiba tulizobeba hazikufikia volti ile.

Tukateremka mjini, upande wa soko la Mbuyuni, kuulizia mafundi redio. Wa kwanza hana, wa pili hana. Wa tatu, kibanda cha mlango mmoja kimejaa amplifaya za makanisani, akatazama zile zilizovimba, akasema, "Mangi, hizi ninazo ila ziko kwenye maiti." Akavuta amplifaya kuukuu chini ya meza, akazichomoa mbili, akazipima moja moja mbele yetu, ziko sawa. Bei? Akauliza zinakwenda wapi. Tuliposema ni mashine ya wanafunzi wa chuo, wanajifunzia vipimo vya damu, akatufukuza na hela zetu. "Mdogo wangu anasoma huko. Nendeni." Jina lake sikuliandika kwa kuwa hakutaka, lakini anayetafuta fundi mwaminifu Moshi aanze kuulizia upande ule.

Mchana mtori na nyama, 4,000, mgahawa wa ndani ya soko. Mama mwenye mgahawa alituona tunapulizia mikono kwa baridi akatuongezea bakuli bila kuulizwa. Mtori wa Moshi mjini ule asubuhi au mchana. Jioni huwa umebaki wa chini ya sufuria.

Tuliporudi, saa nane na nusu umeme ukakatika, ukarudi saa mbili usiku. Tulichomelea kapasita kwa mwanga wa simu na pasi ya gesi, tukalala hatujui kama kazi imeshika.

Ushauri kwa maabara yoyote ya kanda hii: kabla ya kununua kuveti mpya, nunua stebilaiza na UPS inayotosheleza mashine. Na radi zikianza, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Jumatano: mstari wa 656.1

Hii ndiyo siku niliyoisafiria.

Taa ya deuteriamu haiwaki papo hapo. Waya wake unapata joto kwanza, nusu dakika hivi, ndipo volti ya kuiwashia inapopigwa. Kioo chake hakishikwi kwa kidole kitupu, maana mafuta ya ngozi yanaungulia hapo na kuzuia mwanga. Nikaipangusa kwa spiriti, nikavaa miwani, kwa sababu mwanga wake wa urujuanimno unaumiza macho ingawa hauonekani. Nikaipanga mpaka doa la mwanga likaketi katikati ya mlango mwembamba wa kuingilia.

Kisha inakuja raha ya taa hii. Deuteriamu yenyewe hutoa mistari miwili mikali mahali panapojulikana, nanomita 486.0 na 656.1. Huhitaji kununua kipimo ili kujua kama mashine inasema kweli, taa inakuambia. Mwenzangu akaamuru mota itembee taratibu kutoka 650 kwenda 660. Mchoro ukapanda kwenye skrini ya laptopu, ukafika kileleni, ukashuka. Kilele: 656.8. Mzee akauliza kama ni vibaya. Ni vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulitazama na ule wa 486, nao umesogea kiasi kilekile, maana yake kosa ni la mahali pa kuanzia tu na linarekebishwa kwenye programu kwa namba moja. Tukaithibitisha kwa kioo cha holmiamu, ambacho humeza mwanga mahali panapojulikana, vilele vyake viko karibu na 361, 453 na 536. Vikakaa.

Baada ya hapo wanafunzi wakaanza kuingia mmoja mmoja, habari zimeshaenea. Tukaanza na NADH, molekuli ya seli inayobeba elektroni. Kila anayesoma biokemia ameikariri: kwenye nanomita 340, mola moja kwa lita katika kuveti ya sentimita moja ina ufyonzaji wa 6,220. Kwa hiyo milimola 0.1 kwa lita lazima ilete 0.622. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alipima myeyusho aliouandaa mwenyewe, mashine ikasoma 0.617. Aliiandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, akaomba kurudia.

Namba ile si ya mtihani tu. Kipimo cha kimeng'enya cha G6PD kinategemea 340 hiyohiyo: kimeng'enya kikifanya kazi, NADPH, ndugu wa NADH, huongezeka na ufyonzaji hupanda, kisipotosha, mstari unalala. Mtu mwenye upungufu wa G6PD akipewa primakwini ya malaria, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Katika nchi ya malaria kama yetu, kijana aliyeuona mstari ule ukipanda kwa macho yake na kijana aliyesomewa kwenye slaidi hawatakuwa wataalamu wa aina moja.

Tukamalizia na damu. Tone moja kwenye maji mengi ya bafa, vilele viwili vya himoglobini yenye oksijeni vikasimama kwenye 541 na 577. Ukiongeza kidogo cha dithionaiti, kemikali inayokula oksijeni, oksijeni inaondoka, na vile vilele viwili vinaungana kuwa kimoja kipana. Wanafunzi walitaka kuona jinsi vinavyoungana, lakini mashine yetu inachukua dakika nzima kupita rangi zote. Unaona mwanzo na mwisho. Hapo nikawaambia kuhusu upande mwingine wa kazi ya kampuni ile ya Georgia. Walitengeneza kifaa chenye diski inayozunguka, yenye matundu membamba, ambacho hupita spektra nzima hadi mara 1,000 kwa sekunde. Kikiunganishwa na kifaa cha kuchanganya vimiminika viwili ghafla, mwanasayansi anaziona zile hatua za katikati ambazo kwa mashine ya kawaida zimekwisha kabla hujafunga kifuniko. Na njia hiyo ya kuchanganya haraka ilianza na damu yenyewe: Hartridge na Roughton, Cambridge, mwaka 1923, wakitaka kujua himoglobini inashika oksijeni kwa kasi gani. Tulikaa kwenye mazungumzo hayo mpaka mlinzi akaja kutukumbusha kufunga.

Alhamisi: Moshi hadi Arusha

Asubuhi tuliwafundisha wasaidizi wawili kubadilisha taa, kusoma mistari miwili na kukausha silika jeli. Mzee ndiye aliyefundisha hiyo ya mwisho, na alikuwa mkali kwelikweli. Tuliacha karatasi ukutani: tarehe ya taa, saa ilizowaka. Taa za namna hii huhesabiwa maisha ya karibu saa 1,000, kwa hiyo usiiache ikiwaka unapokwenda kula.

Costa ya Arusha kutoka stendi 4,000. Kilomita 80 hivi, lakini usizipigie hesabu ya saa moja. Boma Ng'ombe tu tulikaa dakika arobaini tukisubiri abiria wa kujaza viti. Nyuma yangu kulikuwa na kuku watatu, wapole sana.

Ukifika Maji ya Chai na Usa River, tazama meno ya wakazi wazawa, utaona kahawia. Ni floridi, inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na kuingia kwenye chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya hapa vimepita kiwango hicho. Pale Ngurdoto kuna kituo kinachoshughulikia kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nilikuwa nikiwaza jinsi floridi hiyohiyo inavyotumika kwa kukusudia ndani ya vile vichupa vya damu vyenye kifuniko cha kijivu: inazuia kimeng'enya cha enolasi, sukari haiendelei kuliwa na chembe za damu, na kipimo cha sukari kinabaki cha kweli hata sampuli ikichelewa kufika maabara.

Msafiri, maji ya kunywa njia hii nunua ya chupa, hasa ukiwa na watoto ambao meno yao bado yanaota.

Ijumaa: Arusha, maji ya kijani

Baridi ya Arusha ilikuwa kali kuliko ya Moshi. Chalii wa bodaboda alinivulia koti lake la ziada bila kudai kitu, 3,000 hadi maabara.

Mashine hapa ilikuwa mpya na haikuwa na ugonjwa mkubwa. Taa imechoka na mlango wa kuveti haufungi sawasawa, kwa hiyo mwanga wa chumba ulikuwa unaingia. Saa mbili, kazi imekwisha. Siku yenyewe ikachukuliwa na mtafiti kijana anayechunguza viumbe vidogo vya kijani-buluu vya maziwa ya magadi, vile ambavyo heroe wadogo hula. Alikuwa na chupa za kijani kibichi na malalamiko kwamba mashine inamdanganya: kila rangi inaonyesha ufyonzaji mkubwa, hata pale ambapo hakuna rangi ya kumeza chochote.

Mashine haikudanganya. Seli nzima zinatawanya mwanga pande zote, na ule usiofika kwenye kipokezi mashine inauhesabu kuwa umemezwa. Olis walilitatua hili kwa kifaa walichokiita CLARiTY: sampuli inakaa ndani ya chumba ambacho kuta zake zinarudisha karibu mwanga wote, kwa hiyo miale iliyotawanyika inarudi na kurudi mpaka imezwe au ifike kwenye kipokezi, na kinachokosekana mwisho ndicho kilichomezwa kweli. Maziwa, damu nzima, maji ya mwani, vyote vinasomeka bila kuchujwa.

Kifaa hicho Arusha hakikuwepo mbele yetu, lakini iko njia ya zamani. Mwaka 1954 Shibata, Benson na Calvin waliweka kioo cheupe cha maziwa nyuma ya sampuli na nyuma ya kuveti ya kulinganishia, ili mwanga wote utawanyike sawasawa kabla ya kufika kwenye kipokezi. Sisi tulituma mtu duka la vifaa vya kuandikia akaleta karatasi ya kunakilia ramani, 1,000 shilingi, tukakata vipande viwili vinavyolingana, tukavibandika nyuma ya kuveti zote mbili. Mchoro ukashuka chini na umbo likatokea: bega la fikosiyanini, rangi ya buluu ya viumbe hao, karibu na 620, kilele cha klorofili, ile ya kijani, kama 680. Yule kijana alisimama, akamwita msimamizi wake kwa simu, akamwambia aje sasa hivi, asisubiri Jumatatu.

Usiku nyama choma na ndizi za kukaanga, 9,000, tukiwa na wenyeji wetu ambao walikataa kata kata tulipe.

Jumamosi: Tengeru, kisha nyumbani

Jumamosi ni siku ya gulio Tengeru, nasi tulipita makusudi. Mkungu wa ndizi za kupika 12,000, parachichi za 300. Yeyo mmoja alituuzia loshoro ya moto kwenye kikombe cha plastiki, 1,500, na kwa baridi ile ilikuwa inashuka vizuri. Nenda kabla ya saa nne, baadaye hakuna pa kukanyaga.

Basi la kurudi Dar halikuwa na la kusimulia ila kuchelewa kufika.

Mzee amenitumia picha jana: kilele kiko 656.1, na wanafunzi wa mwaka wa pili wameanza mazoezi ya vimeng'enya kwa zamu, kuveti za kwatsi zimeandikwa majina ili zisichanganyike na za kioo cha kawaida, ambacho hakipitishi urujuanimno. Chuo kimeiondoa mashine kwenye orodha ya kufutwa. Kinachokosekana sasa ni taa ya akiba ya tangsteni na kipokea mwanga cha pili, kwa sababu kilichopo kimeanza kuchoka upande wa rangi nyekundu. Ukiwa na spektrofotomita ya miale miwili ya miaka ya themanini au tisini imelala stoo mahali pako, fungua chumba cha vioo kwa tochi kabla ya kusaini karatasi yoyote, piga picha bila kugusa, uniletee. Programu ya mwenzangu tunaitoa bure pamoja na mchoro wa jinsi bodi inavyofungwa.